Kardani ya Kushoto, hadi Bengamisa

Mmeniuliza sana, kila mmoja kwa wakati wake: Asumani, ulipotelea wapi wiki ile nzima, wewe ambaye hata kwenda Simi-Simi unaaga watu kama unahamia Ulaya? Nimewajibu vipande vipande, pini zikiwa mdomoni, na kila mtu ameondoka na kipande chake. Donc nimeandika yote mara moja. Pitishaneni. Atakayekuja kuuliza tena nitampima suruali na kuibana kiunoni kwa makusudi.

Karatasi hii ikimwangukia mgeni, ajue kwamba mimi ni fundi cherehani wa Kabondo, hapa Kisangani, na ni mtu wa nyumbani. Cherehani yangu iko barazani, kitanda kiko hatua kumi na mbili nyuma yake, na katikati kuna jiko la Mama Fatu, mke wangu. Sijawahi kuona sababu ya kwenda mbali zaidi ya hapo. Wateja wananijua kwa mambo mawili: nakata vizuri, na nikisema "njoo kesho", kesho hiyo haina tarehe.

Kutoka kitandani hadi uani

Jumatatu asubuhi simu ililia. Alikuwa Zaina, mdogo wangu anayeniita yaya, yaani kaka, anayekaa na Papa, baba yetu, shambani karibu na Bengamisa.

"Yaya, Papa ameanguka. Ni kiuno. Hawezi kukaa, hawezi kusimama, analala tu."

"Mumuweke ku moto, mumulete," nikasema; moto kwetu ni pikipiki.

"Nimekuambia hawezi kukaa! Hiyo moto yako iko na kitanda?"

Nyuma yake nilisikia sauti ya Papa, ndogo kuliko nilivyoizoea. "Muambie akuye na gari yangu. Kama amekwisha kuitengeneza." Akacheka, kicheko kikageuka kikohozi.

Zaina akarudi kwenye simu, akateremsha sauti. "Anataka kulala ku kitanda yake ya kule kwako Kabondo, yaya, mu chumba kwenye Mama alilalaka. Anasema tu hivyo, kutoka asubuhi mpaka magaribi. Kuya mbio."

Sasa, gari. Papa alikuwa dereva maisha yake yote, na kilichobaki kwa maisha hayo yote ni pikapu moja ya rangi ya udongo. Kabla ya Ramazani aliileta uani kwangu ikichechemea, akanikabidhi ufunguo, akasema: "Kardani ya kushoto imekufa. Bosco anajua kuitengeneza. Mvua isikute bado." Kardani ni kile chuma kirefu kinachotoka katikati ya gari kwenda kuzungusha tairi la mbele. Ikifa, gari inavuta kwa miguu ya nyuma peke yake, na katika matope ya barabara ya Bengamisa gari ya namna hiyo inakuwa nyumba.

Nilimwambia Papa, kesho nitamwita Bosco.

Mvua ilikuta bado. Kuku wa Mama Fatu walikuwa wametaga ndani ya pikapu mara mbili.

Nilikwenda kuwauliza watu wawili wenye magari. Wote wawili hawakunitazama mimi, walitazama mawingu. "Bengamisa, sasa hivi? Labda na gari ya kuvuta miguu yote ine," akasema mmoja. "Si baba yako iko nayo?"

Ndiyo. Anayo. Nikarudi nyumbani, nikavuka baraza, nikapita jiko, nikafika uani. Safari yangu ilikuwa imeanza, na nilikuwa tayari nimechoka.

Uani

Bosco ni mekanisien, mtu mfupi wa mikono mirefu, Mkatoliki wa kufanya ishara ya msalaba kabla ya kuingia chini ya gari. Alikuja mchana ule ule. Aliinua pikapu kwa kriki, akaweka magogo chini, akatoa tairi, akagonga, akalaani, akaomba msamaha mbinguni, akagonga tena. Jioni alivuta ile kardani ikatoka vipande viwili, imevunjika karibu na tairi kama muwa.

"Tonton Asumani," akaniambia (ananiita tonton, yaani mjomba, ingawa tunalingana mvi), "kesho asubuhi uvuke mto mpaka Lubunga, kwa Kambale. Ameuziwaka mapikapu ya kufa, ya kampuni ya mbao. Beba ile ya zamani, umuonyeshe. Atakupatia ndugu yake."

Niliitazama ile ya zamani. Ilikuwa nyeusi, nzito, imejaa grisi. Nilikuwa na shati jeupe la kuvuka nalo mto. Na isitoshe, ninyi mnanijua: mimi ni mtu wa vipimo. Kuna kitu gani duniani ambacho hakipimiki?

Nikachukua metre yangu ya utepe, ile ya shingoni. Nikapanga vipande viwili vikagusana kama pande mbili za koti. Urefu: sentimita sitini na tatu. Hapo hapo utepe ukashika grisi, doa jeusi kwenye sitini na tatu, na Mama Fatu akaniambia halitatoka hata kwa petroli. Nikafungua daftari ya wateja, nikaandika chini ya jina la mteja: *Kardani, ya kushoto. Urefu 63. Kiuno 9. Shingo 3.*

Nililala vizuri sana usiku ule. Nawaambia ili mjue ni mtu wa namna gani aliyetumwa.

Lubunga, mara ya kwanza

Mto wetu ni mpana kwa mtu aliyezoea baraza. Niliingia mtumbwini nikakaa katikati kabisa, nikashika mbao pande zote mbili.

"Tonton, achilia," mpiga kasia akaniambia. "Hautakimbia."

Watu wakacheka. Nami nikacheka, lakini sikuachilia.

Kambale ni mfanyabiashara kutoka Kivu ya Kaskazini, rozari shingoni, macho ya mtu aliyepimiwa maharagwe ya uongo mara nyingi akaapa haitatokea tena. Ua wake umejaa magari yaliyokatwa kama nyama ya sikukuu.

"Uko na ya zamani?"

"Niko na vipimo."

Nikampa daftari. Akasoma polepole, midomo ikitembea. "Urefu… kiuno… shingo…" Akaniangalia juu ya karatasi, akaniita papa kama anavyoitwa kila mtu mzima hapa kwetu. "Papa, ni kardani ao ni bibi harusi?"

"Ni kazi safi," nikasema.

"Bon." Akaingia kwenye rundo, akavuta moja. Nikatandaza utepe: sitini na tatu juu ya doa, bila kuzidi hata uzi. Kiuno tisa. Nilifurahi kama nimeshona suti ya gavana. Kambale alijikuna ndevu akauliza tena: "Una hakika? Ya zamani ningeitia macho kidogo tu." Nikamwambia mimi nimepima watu tangu ujana wangu na hakuna aliyetoka uchi.

Nilikula hapo ng'ambo, lituma ya moto, ndizi zilizopondwa, na samaki wa kuchoma, kwa kuwa ushindi unafungua tumbo. Nilikaa, nikatafuna mpaka miiba. Nawaandikia hili pia.

Jioni Bosco aliishika kardani mpya, akaingiza ncha yake kwenye tairi. Ikakataa. Akageuza, akajaribu tena. Kisha akaketi chini, akaanza kupitisha ukucha wa kidole gumba kwenye ile mistari ya nchani, mmoja mmoja, kama mtu anayesali rozari. Mistari hiyo inaitwa meno. Ndiyo yanayoshika tairi ili lizunguke.

"Hii iko na meno makumi mbili na saba," akasema. Akachukua kipande cha zamani, akahesabu. "Hii, makumi tatu."

"Lakini urefu…"

"Tonton. Kardani haivaliwake. Inaingiaka." Hakusema kwa hasira. Ingekuwa afadhali.

Zaina akapiga simu. "Papa anauliza kama mumetoka."

"Muambie kesho."

Nikasikia akimwambia, na Papa akijibu kwa mbali: "Kesho ya kweli, ao kesho ya barza yako?"

Lubunga, mara ya pili

Jumatano mvua ilianza kabla ya alfajiri na hakuna mtumbwi uliothubutu mpaka saa saba mchana. Niliketi ufukoni chini ya paa la bati, na mapajani nimepakata ile kardani ya zamani, vipande vyote viwili. Mama Fatu alikuwa ameifunga kwenye kitenge chake kikuukuu ili isinichafue, akaizungushia vizuri, akaikaza kichwani na miguuni.

Tulipoingia mtumbwini niliishika kifuani, kwa maana ikianguka majini nitamwambia Papa nini? Wanawake wawili waliokuwa wanazungumza bei ya makemba, zile ndizi za kupika, wakanyamaza. Mmoja, mama mnene mwenye beseni la kwanga, mikate ya muhogo, akanitazama muda mrefu.

"Papa," akauliza kwa sauti ya chini, "ni ya kwanza?"

Akili yangu ilikuwa Bengamisa. "Hapana, mama," nikasema. "Jana nilivusha ingine."

"Mbili?"

"Mbili. Na ya jana ilikuwa kosa yangu."

Mpiga kasia akapunguza mwendo. Yule mama akafunika mdomo kwa mkono, macho yakamjaa machozi, ndipo nami nikakitazama kile nilichokumbatia: urefu wa sentimita sitini na tatu, kimefungwa kitenge, kimekazwa kichwani na miguuni.

Ningefungua tu pembe moja ya kitenge. Watu wangecheka mpaka Lubunga. Lakini alikuwa ameshanishika bega, na mkono wake ulikuwa wa moto, na tangu Jumatatu hakuna mtu aliyekuwa amenigusa ila kuniuliza gari imefika wapi. Nikaona aibu kufungua, kisha nikaona aibu kutofungua, na ng'ambo ikafika.

"Pole, papa," akaniambia. "Mungu ndiye anajua." Akaniwekea kwanga nzima mkononi. Mpiga kasia akakataa nauli yangu, akanisaidia kushuka, akitaka kunipokea mzigo. Sikumpa, angejua uzito wake.

Niliila ile kwanga nyuma ya ukuta, nikiwa nimesimama. Nilikula pole ya msiba ambao haujafika.

Kambale hakunisalimia. Aliinua mikono juu. "Fundi wa masuruali! Jana si nilikuuliza? Nilikuuliza mara mbili!" Kisha akaona uso wangu, akashusha mikono. Nikamweleza habari ya Papa, jambo ambalo ningefanya jana kama nisingekuwa nashughulika kujisifu. Akavua shati, akalala mwenyewe chini ya pikapu mojawapo iliyokufa, akaanza kufungua kardani yake moja kwa moja kutoka mwilini, kwa kuwa kwenye rundo hakukuwa na ya meno thelathini. Ilimchukua mpaka jua lipinde. Tulihesabu meno wote wawili, kila mtu kivyake, kisha tukaambiana.

"Makumi tatu," nikasema.

"Makumi tatu," akasema. "Enda. Na mimi pia nilikuwaka na baba."

Usiku ule Papa mwenyewe alichukua simu. Sauti yake ilikuwa inatoka kisimani.

"Asumani. Bosco ataweka grisi mingi?"

"Mingi, Papa."

"Bon. Usikimbize gari. Matope haipendi mutu wa mbio." Akapumzika. Nilisikia pumzi yake ikitafuta njia. "Wewe na mbio, lakini, hamujuanake."

Akacheka kidogo. Nami nikacheka kidogo. Hayo ndiyo maneno yetu ya mwisho, na ninashukuru kwamba yalikuwa ya kunicheka.

Katika kiti cha Papa

Hii nayo ni hatua ya safari, msiiruke, ingawa gari haikutembea hata kidole. Alhamisi nzima tulikuwa uani.

Mvua ilirudi. Bosco alilala kwenye maji chini ya turubai. Kiungo kimoja cha chuma kilikuwa kimeshikana na kutu, akakipiga tangu asubuhi mpaka adhuhuri. Kisha kardani ikaingia, na safari hii iliingia kwa mlio mdogo tu, kama kifungo kinachopata tundu lake. Nikataka kupiga kelele ya furaha. Bosco akasema bado. Kuna nati kubwa ya mwisho, na ili ikazwe lazima mtu akae kwenye usukani akanyage breki kwa nguvu zote, tairi lisizunguke.

Ndiyo kazi niliyopewa. Saa nzima nilikaa pale nikikanyaga, Bosco akivuta bomba refu upande wa pili.

"Kanyaga, tonton!"

"Nakanyaga!"

"Kanyaga kama mutu amekulaka chakula!"

Kiti kilikuwa kimepasuka. Sifongo ilitoka nje kama fufu sufuriani. Mwaka mmoja Papa aliniomba nikishonee kitambaa, hata akaniletea kitambaa chenyewe, cha buluu, na kimekunjwa mpaka leo chini ya meza ya cherehani. Mtoto wake ni fundi, na yeye alikuwa akiendesha amekalia mpasuko. Kwenye kioo kulining'inia tasbihi yake. Mguu wangu ulichoka na sikutaka kuutoa, kwa maana nilihisi kama nikiachia breki, kuna kitu kitateleza ambacho si gari.

Tulimaliza saa kumi na moja jioni. Bosco akasema kwa barabara ile hatuwezi kuondoka giza linaingia, tutatoka alfajiri. Ni kweli, hata Papa angesema hivyo. Mama Fatu akatandika godoro nyuma ya pikapu, akalifunika kwa turubai, akaweka mto wenye foronya mpya. Kisha akaenda kufagia chumba cha Papa. Nilimpigia Zaina mara tisa. Reseau ya simu haikuwepo.

Barabara ya Bengamisa

Ijumaa, kabla jua halijatoka, tukavuka daraja la Tshopo. Bosco kwenye usukani, mimi pembeni, nikijishikilia mlango kama kule mtumbwini. Baada ya daraja mji unaisha haraka, kinabaki kijani tu na barabara nyekundu katikati yake.

Kwenye shimo la kwanza kubwa, roli mbili zilikuwa zimelala ubavu kwa ubavu kama ng'ombe, na madereva wake wakipika pondu chini ya turubai kwa utulivu wa watu waliokwisha kuhamia. Mmoja aliitambua gari ya baba yangu.

"Ya Papa Radjabu hii! Inavuta miguu ine?"

"Tangu jana," Bosco akasema.

"Pitia kushoto basi, kwenye majani. Yee alikuwaka anapita hapo."

Bosco akavuta kile kijiti kifupi cha pembeni kinachoamsha magurudumu ya mbele. Pikapu ikainama, ikazama mpaka milangoni, na nikaanza kusoma kila aya ninayoijua. Kisha nikahisi kitu ambacho sikuwahi kuhisi: mbele, chini ya miguu yangu, upande wa kushoto, kitu kilishika. Kilivuta. Gari ikapanda kutoka kwenye lile shimo polepole, bila kelele, kama mtu mzima anavyoinuka kwenye mkeka. Madereva wa roli wakapiga makofi na miko yao.

"Meno makumi tatu," Bosco akasema, akanipiga goti.

Nawaambia ukweli, nilifurahi. Nilifungua dirisha, nikaweka kiwiko nje kama wasafiri wa kweli. Nilikuwa napanga jinsi nitakavyoingia: nitashuka, nitasema, Papa, hii si kesho ya barza.

Karibu na Bengamisa tulikutana na pikipiki tatu zikija. Ya kwanza ilipoiona pikapu ikatoka barabarani, ikasimama, dereva akazima injini. Ya pili ikafanya vile vile, na ya tatu. Wote watatu walishuka, wakasimama kwenye majani, kofia mikononi, mpaka tukapita.

Mimi, Asumani, niliwapungia mkono. Kama waziri.

Bosco hakupunga. Nilimwona anatoa mguu kwenye mafuta, gari ikapunguza mwendo, na akafanya ishara ya msalaba. "Kuna nini?" nikamuuliza. Akasema, "Tonton, tufike kwanza."

Bengamisa

Chini ya turubai la buluu uani kwa Papa, wanaume walikuwa wameketi kwenye mabenchi. Hakuna aliyesimama tulipoingia. Zaina alitoka nyumbani kitambaa kimefungwa kiunoni, akaja mpaka kwenye mlango wa gari, akaweka mkono juu ya boneti iliyokuwa na joto.

"Alfajiri," akasema. "Alikuwa anasikiliza magari. Kila gari ilipita, anasema: hapana, haiko ile."

Alfajiri ya Ijumaa. Hesabu wenyewe. Mimi nimehesabu mara nyingi kuliko meno ya kardani. Kama Jumanne ningebeba lile chuma jeusi kwenye shati langu jeupe, Jumatano tungefunga, Alhamisi tungekuwa barabarani, na Alhamisi jioni angesikia gari na kusema: ndiyo ile.

Mwalimu wa msikiti wa pale, mzee mpole mwenye koti kubwa kuliko yeye, akanivuta pembeni. Walikuwa wameshamuosha. Kaburi lilikuwa limechimbwa. Wangemzika baada ya sala ya Ijumaa.

"Gari iko tayari, mwalimu," Bosco akasema nyuma yangu, na sauti yake ilikuwa inaomba. "Inavuta vizuri. Kuna godoro. Tunaweza kumufikisha kwake Kabondo leo leo."

Mwalimu akanitazama mimi. Mimi nikamtazama Zaina. Ndiye aliyekuwa naye. Ndiye aliyemgeuza ubavu.

"Yaya, alingoya siku ine," akasema. "Tusimutembeze tena mu matope. Hapa batu banamupenda."

Mtu aliyechelewa hana sauti barazani. Nikaitikia kwa kichwa.

"Kuna jambo moja," mwalimu akasema. "Sanda haijakatwa. Kitambaa kipo. Wazee walitaka kukata, Zaina akakataa."

"Papa alisema ukate wewe," Zaina akaniambia. "Alisema: Asumani anakataka vizuri. Kuleta ku siku yake tu ndio hajuake." Akajaribu kucheka kama alivyocheka yeye. Haikutoka.

Nikaingia. Alikuwa amelala kwenye ubao, amefunikwa shuka, nyayo zikielekea mlangoni. Nikavua metre shingoni. Nilikuwa nimepima kila mwanaume wa Kabondo na nusu ya Makiso, na baba yangu mwenyewe sikuwa nimempima tangu kanzu ya harusi yangu. Nilikuwa nikisema najua vipimo vyake. Nikaweka ncha ya utepe kwenye kisigino. Nikaupandisha polepole. Lile doa la grisi likaangukia juu kidogo ya goti lake, jeusi juu ya shuka jeupe, na nikataka kulificha kwa kidole, kisha nikaliacha. Alikuwa amekaa na grisi maisha yake yote.

Utepe uliisha kidevuni. Metre ya fundi ina sentimita mia moja na hamsini, na Papa alikuwa mrefu kuliko hapo. Nikashika alama kwa kidole gumba, nikauhamisha, nikaendelea. Ishirini na moja zaidi. Nikasema namba kwa sauti. Kisha nikaanza tena kutoka kisigino, kwa kuwa nilijua sasa kwamba kipimo changu kinaweza kusema uongo huku kimenyooka. Mia moja sabini na moja. Mwalimu hakuniharakisha.

Nikakata vipande vitatu. Mkasi ulikwenda bila kugonga. Sanda haishonwi, haipindwi ukingo, haina kifungo. Nilipomaliza kukata, mikono yangu ilibaki hewani inatafuta sindano, na mwalimu akaishika, akaishusha. "Imetosha, fundi," akasema. "Yake inaishia hapo."

Kilimtosha. Hakikuzidi, hakikupungua. Baada ya sala, mimi na Bosco tulikuwa miongoni mwa waliombeba, Bosco na msalaba wake ndani ya shati, na hakuna aliyemuuliza kitu. Mvua ilianza tulipokuwa tunaweka udongo wa mwisho.

Kurudi

Papa alikuwa na desturi moja: gari yake hairudi tupu. Hata akitoka kupeleka jeneza, alirudi na ndizi. Jumamosi asubuhi nilipotaka kupanda, watu walikuwa wamekwisha kusimama nyuma na mizigo, bila kuniuliza, kwa heshima, kama inavyofanyika siku zote. Akina mama watatu na makemba. Na baba mmoja mzee aliyevimba mguu, anakwenda kuonyesha kwa daktari mjini.

Nikamlaza yule mzee kwenye godoro. Akaweka kichwa kwenye mto wa foronya mpya, akasema, "Ah, papa, hapa kama ku nyumba," akalala usingizi mpaka daraja la Tshopo. Kwenye lile shimo, roli mbili bado zilikuwa pale. Kardani ya kushoto ilivuta. Bosco akaniangalia kuona kama nimesikia, na nikamwambia nimesikia.

Nyumbani Mama Fatu alikuwa amesimama mlangoni. Aliwaona akina mama wanashuka, akamwona mzee anashushwa, akaendelea kutazama nyuma ya gari. Chumba alikuwa amekifagia, dirisha limefunguliwa, glasi ya maji iko karibu na kitanda.

Basi ndivyo ilivyokuwa. Mnaoniuliza kuhusu lile doa kwenye metre, mmejua. Kuna mteja aliyetaka kuninunulia metre mpya. Nikamwambia hii inapima vizuri ukiwa na akili. Kiti cha pikapu nimekishonea kile kitambaa cha buluu. Ilinichukua nusu saa.

Na jambo la mwisho, ambalo mmekuwa mkilicheka nyuma yangu. Sasa nikisema Jumanne, nguo inakuwa tayari Jumanne. Tatizo ni kwamba hamniamini. Nyote mnakuja Ijumaa, kama zamani, mkijua fundi ni yule yule. Sasa hivi ninavyoandika kuna mashati manne na gauni moja barazani, yamepigwa pasi, yamening'inizwa, na kila moto inayopita njiani nainua kichwa kuona kama ndiye mwenyewe.